Kondoo Aliyelamba Ubao

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji. Tafadhali msianze kugeuza shingo kumtafuta humu ndani, maana hayupo. Nimemtunga mwenyewe jana jioni kwa ajili yenu, na nikimaliza huenda mtasema afadhali ningetunga mwingine.

Mama huyu aliishi mlimani, upande ule wa ukungu, ambako majani ni mabichi mwaka mzima. Wafugaji mliopo hapa mnajua shida ya mahali kama pale. Mifugo inashiba, lakini minyoo nayo inashiba. Alikuwa na mbuzi tisa na kondoo mmoja. Mbuzi aliwanunua mwenyewe, leo huyu, mwakani yule. Kondoo alikuwa jambo lingine kabisa.

Siku mama huyu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama mkwe wake alikuja na kondoo jike, akamfunga kwenye nguzo ya mlango na kumwambia, "Sasa wewe ni wa hapa." Kwa watu wa mlima ule, mkwe hupokelewa hivyo. Unaweza kukaa kwenye ndoa miaka mitano, lakini bila kamba ile mlangoni wewe bado ni mgeni. Kondoo yule alizaa, wakazaana, zizi likajaa. Kisha zikaja nyakati mbaya, huyu akafa kwa ugonjwa, yule akaliwa na fisi, akabaki mmoja tu wa uzao ule. Na mama mkwe alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, alimshika mkono mke wa mwanawe akamwambia, "Mwanangu, kondoo wangu wasikuishie mkononi."

Akaitikia, "Hawataisha, mama."

Ndugu zangu, ukimwitikia mtu anayeondoka duniani, umejifunga. Yule wa kukufungua ameshazikwa.

Sasa asubuhi moja mama huyu anaingia zizini, anamwona kondoo wake ana uvimbe chini ya taya, laini, kama amebeba maji. Akamshika kichwa, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Minyoo ilikuwa inamnywa damu. Mama wa watu hakufikiria nyama wala sufu, alifikiria ule mkono uliomshika.

Akashuka kwa bwana mifugo. Bwana mifugo alikuja, akamchoma kondoo sindano, akamwambia, "Mama, sindano nimeshampiga. Lakini huyu mwili wake umeisha nguvu, na minyoo itarudi. Inabidi umpe chakula cha ziada chenye majani ya dawa ajengeke mwenyewe." Akamtajia: majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, mbegu za maboga, vitunguu saumu kidogo, vyote vitwangwe, vichanganywe na pumba na chumvi. Vipimo sivitaji hapa, maana nawajua ninyi, mtatoka hapa mkaanza kutwanga kila kinachoota. Kamuulizeni bwana mifugo wenu.

"Kila siku?" mama akauliza.

"Kila siku. Na usichoke mapema, dawa ya majani haina haraka."

"Sitachoka," akasema.

Na hakuchoka. Hapo mimi namvulia kofia. Kuna watu wanaanza jambo Jumatatu, Alhamisi wana udhuru. Huyu alipanda mlonge kuzunguka boma zima. Alikata majani kabla jua halijapanda, akayatandaza kwenye ungo chini ya upenu wa nyumba, akayageuza mchana, akayatwanga jioni, akachekecha, akaweka kwenye debe lenye mfuniko. Mikono yake ilinuka vitunguu saumu mpaka mumewe akasema sasa analala na jiko. Mvua ikinyesha, yupo. Akiwa na homa, yupo, amejifunga kanga kiunoni, anatwanga. Kila asubuhi alibeba ndoo, akaimimina ile dawa kwenye hori ya mbao kule zizini, kuanzia mwanzo wa hori mpaka mwisho, bila kubania. Halafu akafunga lango, akaenda kwenye shughuli zake.

Baada ya mwezi mmoja mambo yakabadilika. Mbuzi wakaanza kung'aa. Kulikuwa na beberu mmoja mweusi, mwenye pembe pana na kifua mbele. Huyo ndiye usiseme. Manyoya yakalala yakawaka kama yamepakwa mafuta ya nazi. Majirani wakauliza, "Mama, unawapa nini hawa?" Naye akawaambia. Hakuwa mchoyo. Wakaja akina mama wa kitongoji cha juu, wakaja wa ng'ambo ya mto, wakamwita kwenye kikundi chao, wakamwita kwenye kikundi kingine. Akawa anamimina dawa asubuhi upesi upesi, halafu mbio kwenda kuwafundisha watu habari za dawa.

Na kondoo je?

Mnauliza vizuri. Kondoo alikuwa anakonda. Kifua chake unaweza kuhesabu mbavu ukiwa umesimama barabarani. Mama akaona, akaumia. Akaongeza kipimo. Palipokuwa na ndoo moja zikawa mbili. Beberu akazidi kuwaka na kondoo akazidi kukauka. Akaongeza mbegu za maboga. Mbuzi wakanenepa mpaka wakawa wanapita langoni kwa kusukumana, kondoo akawa anatembea kwa kuegemea ukuta wa zizi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye aibu. Siku moja akina mama ishirini walitaka kuja kuuona mradi kwa macho yao. Mama akafagia zizi, akamtoa beberu mbele, akamfunga kamba mpya. Na yule kondoo? Akamkokota mpaka nyuma ya jiko, akamfunga pale kwenye rundo la kuni, mahali ambapo mgeni hafiki. Kwa nini? Kwa sababu angeharibu ushuhuda! Wageni wakapiga vigelegele, wakashika manyoya ya beberu, wakaondoka na mbegu za mlonge kwenye vitambaa vyao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza iwapo kuna mwingine. Mama akajisikia vizuri mchana ule. Jioni alipokwenda kumfungua kondoo nyuma ya jiko, alimkuta amelala, na mama hakumwangalia usoni.

Na kwa sababu binadamu hatupendi kujisikia vibaya muda mrefu, akaanza kumkasirikia. "Wenzako wote wamepona," alimwambia. "Dawa ni ileile, hori ni ileile. Wewe una nini? Hutaki kupona, basi." Mnacheka? Chekeni tu. Kuna mtu hapa amemwambia hivyo ndugu yake wa damu wiki hii.

Miezi mitatu ilipopita akakata shauri. Kondoo hafai kuachwa afe zizini kama panya, bora achinjwe Jumamosi, mambo yaishe. Lakini kwa desturi yao, kondoo wa uzao wa marehemu hachinjwi mpaka binti wa marehemu awepo. Basi akatuma ujumbe kwa wifi yake aliyeolewa ng'ambo ya mto. Na wifi akaja, Alhamisi, anachechemea. Alikuwa na goti bovu lililovimba, hawezi kushuka kisimani, hawezi kupanda shambani, wala hawezi kusimama jikoni. Wakamwekea kigoda karibu na zizi, penye jua, akakaa hapo. Hana kazi yoyote ila kuangalia.

Ijumaa asubuhi mama alimimina dawa kama kawaida, akafunga lango, akajitwisha kikapu. Wifi akamwita.

"Wifi, hebu subiri. Huyu kondoo wa mama unasema umempa dawa muda gani?"

"Miezi mitatu, wifi. Muulize kaka yako. Sijaruka hata siku moja."

"Kutwanga najua hujaruka, mikono yako inasema. Nauliza, umempa?"

"Nimempa!" Sasa mama alikuwa amekasirika. "Unataka niape? Wewe umekuja jana, umekaa kwenye kigoda, unanihukumu. Miezi mitatu sijalala vizuri kwa ajili ya kondoo wa mama yako!"

"Sikuhukumu. Tua kikapu, ukae hapa na mimi."

"Nimechelewa, akina mama wananisubiri."

"Watasubiri. Leo kaa, wifi. Kaa tu uangalie."

Akatua kikapu kwa kukibamiza, akakaa chini, kanga imejikunja, mdomo ameuvuta. Akaangalia.

Akamwona beberu akiingiza miguu yote miwili ya mbele ndani ya hori. Mbuzi wale wakubwa wakajipanga huku na huku, bega kwa bega, pembe zimetazama nje. Kondoo yule hakuwa na pembe. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya nyuma, amenyoosha shingo, pua inacheza. Harufu anaipata. Akasogea hatua mbili. Mbuzi mmoja akageuza kichwa tu, hata hakumpiga, akageuza kichwa, na kondoo akarudi kwenye nguzo yake mwenyewe. Alishajua mahali pake.

Ndoo mbili ziliisha upesi sana. Mbuzi wakatawanyika, wanatafuna, wanacheua, wana raha. Ndipo kondoo akaja. Akaja taratibu mpaka kwenye pembe ya mwisho ya hori, akainama, akaanza kulamba. Hapakuwa na kitu. Alikuwa analamba ubao.

Mama alinyanyuka, akafungua lango, akaenda kuitazama ile pembe ya hori. Ubao mwingine wote ulikuwa na utando na makwaruzo, lakini pale palikuwa peupe, pamelainika, pamechimbika kidogo kama kiti kilichokaliwa sana. Alikuwa ameliona jambo lile siku nyingi akiosha hori, akadhani ubao unaoza. Kumbe ulikuwa ulimi wa siku tisini. Yule aliyeambiwa hataki kupona alikuwa anakuja kila asubuhi, bila kukosa, kulamba harufu ya dawa yake mwenyewe.

Mama akaketi palepale kwenye mavi ya mbuzi, akalia. Alilia kwa sauti, wala hakujali wapita njia.

Wifi yake akamwambia kutoka kwenye kigoda, na hakusema kwa ukali, "Dawa ulimimina, wifi. Kumpa, hujampa."

Hakuna aliyemchinja kondoo Jumamosi. Mama alituma neno kwa vikundi vyote kwamba haji, wiki hii haji na ijayo haji. Akamfunga beberu mbali, upande wa pili wa boma, na beberu akapiga kelele siku nzima kana kwamba ameibiwa. Akachukua kibakuli, akamtoa kondoo pembeni, akakaa naye chini, akatia dawa kiganjani, akamnyooshea.

Mnadhani alikula? Hakula. Angekulaje? Kila akishusha mdomo, anageuka nyuma kutafuta pembe za beberu. Beberu amefungwa mbali, lakini kwa kondoo yule beberu bado yupo. Mama alikaa mpaka kiganja kikafa ganzi. Siku ya pili akakaa tena. Mumewe akasema, "Mwachie kibakuli hapo, atakula mwenyewe akipenda." Mama akamjibu, "Nimemwachia miezi mitatu. Sasa sibanduki."

Siku ya tatu, karibu na saa nne asubuhi, kondoo alishusha kichwa, akachukua kidogo kutoka kiganjani. Akatafuna. Akaangalia nyuma. Akachukua tena.

Kutoka siku ile mama alimlisha kwa mkono asubuhi na jioni. Si ndoo mbili! Konzi moja tu. Bwana mifugo akaitwa tena, akapiga sindano yake, na safari hii mwili ulikuwa na cha kushikilia. Kila Jumapili mama alivuta lile kope la chini akatazama. Kwanza peupe. Halafu peupe. Wiki ya tano akaona rangi ndani yake, hafifu, kama ya pera likianza kuiva. Akamwita mumewe aje aone. Akawaita majirani. Na akina mama walipokuja tena kuuona mradi, hakumleta beberu. Alimleta kondoo, mbavu zake bado zinaonekana, akawaambia, "Tazameni hapa ndani ya jicho. Huyu ndiye mradi."

Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa wekeni mikono mapajani, mnitazame.

Hori ni hii hapa, mimbari hii ninayoiegemea. Miaka saba nimesimama mbele yenu. Sijaruka. Mvua ikinyesha nipo, nikiwa na homa nipo, na mke wangu ni shahidi kwamba najiandaa. Namimina kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kubania. Na kila nikitazama nawaona ninyi wa mabenchi ya mbele mnang'aa, mnaitikia kwa sauti, mnajua nyimbo bila kitabu, nami moyoni nasema kazi inakwenda vizuri. Halafu nafunga ibada, nawahi kikao.

Juzi nilikaa nikajiuliza: nani anakula?

Yule dada anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango, anayeondoka kabla ya baraka, nani anajua jina lake? Inueni mikono. Mnaona? Mkono mmoja, na ni wa mlinzi. Yule baba aliyefiwa na mkewe, akaanza kunywa, tulimwambia nini? Tulimwambia, "Mbona wenzako wamefiwa na wanakuja? Ibada ni ileile. Wewe hutaki." Nami nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali. Yule binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa, alipojaribu kurudi kwaya, kuna mtu aligeuza kichwa tu. Hakumpiga, hakumtukana, aligeuza kichwa, na binti akarudi kwenye nguzo yake. Na mwaka jana tulipopata wageni, nani waliimba? Nani walitoa ushuhuda? Mabeberu! Tulisimamisha mabeberu watupu, tumewapaka mafuta. Wagonjwa wetu tuliwafunga nyuma ya jiko.

Kisha tunasema wamekuwa wagumu. Jamani, wangekuwa wagumu wangekaa nyumbani. Wanakuja. Wanasimama pale dirishani nje, wanasikiliza wimbo wa mwisho, wanarudi. Wanalamba ubao.

Sisi tunajivunia kumimina. Tunahesabu vipindi, semina, mikesha, na tukiona mtu hajengeki tunaongeza ndoo. Hakuna kati yetu aliyekaa chini kwenye mavi ya mbuzi na kiganja wazi siku tatu. Mimi sijakaa. Nimesema mbele yenu, na sijisikii vizuri kusema, lakini ni kweli.

Basi sikilizeni nilivyoamua, na sijaja kuwaomba kura. Jumapili ijayo mabenchi manne ya mbele yatakuwa matupu. Ninyi mnaokaa hapo, na kila mmoja ana pembe yake ya benchi aliyoilainisha kwa miaka, mtakaa nyuma, na kabla ya kukaa kila mmoja atakuwa amekwenda nyumbani kwa mtu mmoja wiki hii. Si kumhubiria, ameshachoka kukusikia. Nenda ukae. Akikataa Jumatatu, nenda Jumanne. Akiangalia nyuma kuona kama beberu yupo, usimlaumu, maana beberu huenda ni wewe. Kaa mpaka mkono ufe ganzi.

Nami nyumba ya kwanza naijua. Ni ya yule baba anayekunywa. Nikitoka hapa sipiti ofisini, na chakula cha mchana msinisubiri. Nakwenda kukaa mlangoni kwake.